Katuni ya Familia au Filamu ya Kigeni: Mtoto wa Dar es Salaam Aangalie Ipi?

Kila likizo ya Juni inapokaribia, swali moja huanza kuzunguka katika makundi ya wazazi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam: mtoto atakayeshinda nyumbani kwa wiki kadhaa, wazazi wakiwa kazini na dada wa kazi akiwa jikoni, awekewe nini kwenye runinga? Mwaka huu, katika kundi la wazazi wa darasa la mwanangu, swali hilo lilizaa mabishano ya siku tatu. Wapo waliosema mtoto awekewe katuni za familia kutoka kampuni kubwa za Marekani, kwa kuwa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya watoto na hazina ubaya wowote. Wapo waliosema katuni hizo ndizo zinazowafanya watoto washindwe kutulia, na kwamba afadhali filamu za nchi nyingine zenye watu halisi na mafunzo ya maisha, ziwe za Kihindi, za Kikorea au za Kiirani. Nilisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, nikaona kwamba watu wazima wenye nia njema walikuwa wakitumia maneno yale yale kwa maana tofauti kabisa, kiasi kwamba wasingeweza kuelewana hata wangebishana hadi shule zifunguliwe. Kwa hiyo nitayafungua maneno hayo kwanza, kisha nitalijibu swali lenyewe, kwa sababu naamini lina jibu.

Tuanze na katuni. Neno hili linataja namna ya kutengeneza picha tu: badala ya kamera kupiga picha za watu, msanii huchora au hutumia kompyuta kuunda picha moja baada ya nyingine, na zikipitishwa kwa kasi mbele ya macho huonekana kana kwamba zinatembea. Snow White, katuni ndefu ya kwanza ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1937, ilichorwa kwa mkono. Toy Story ya mwaka 1995 ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Hakuna popote katika ufundi huo panapotajwa umri wa mtazamaji. Sufuria ni ile ile, iwe imepikiwa uji wa mtoto au supu ya pilipili, na hakuna mama anayeitazama sufuria kwa nje akaamua kumlisha mtoto kilichomo bila kuonja.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Japani. Mwezi Aprili 1988, studio ya Ghibli ilitoa katuni mbili siku moja, zikaonyeshwa pamoja katika majumba ya sinema. Moja, Totoro, ya Hayao Miyazaki, inahusu dada wawili wanaohamia kijijini ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao, wakakutana na mnyama mkubwa mpole anayeishi msituni. Ya pili, Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inahusu kaka na mdogo wake wa kike wanaokufa kwa njaa baada ya nyumba yao kuteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na filamu hiyo inafunguka kwa kumwonyesha mvulana akikata roho kwenye kituo cha treni. Zote mbili ni katuni, zote mbili zina watoto wadogo wenye nyuso za kupendeza, na katika duka la kurusha muvi kwenye flashi pale Kariakoo zote mbili zinaweza kukaa katika folda moja iliyoandikwa "katuni". Ya kwanza namwekea mtoto wa miaka sita bila wasiwasi. Ya pili siwezi kumwekea hata wa miaka kumi nikiwa sipo karibu naye.

Neno la pili ni familia. Tunaposikia "filamu ya familia" tunadhani ni hakikisho la maadili, lakini kwa watengenezaji neno hilo kwanza ni la biashara. Huko Hollywood watazamaji hugawanywa katika mafungu manne, yaani wanaume na wanawake, walio chini ya miaka 25 na waliozidi umri huo, na filamu inayogharimu zaidi ya dola milioni 100, kama ilivyo kawaida kwa katuni kubwa za siku hizi, haiwezi kurudisha fedha hizo bila kuyavuta mafungu yote manne. Ndiyo maana ndani ya katuni moja kuna mwanasesere wa kumchekesha mtoto, wimbo wa kumshika msichana aliyebalehe, na utani wa mafumbo unaompita mtoto juu ya kichwa ili baba aliyelipa tiketi asisinzie. Ni pilau ya shughuli: mpishi anayelisha watu mia tano huweka chumvi ya wastani, pilipili huiweka pembeni, na hafanyi jaribio lolote ambalo mgeni mmoja anaweza kulikataa. Pilau hiyo ni tamu, na mimi siidharau hata kidogo, kwa sababu wapishi wake ni miongoni mwa mafundi bora duniani. Ila mtu asidhani kwamba imepikwa kwa kumfikiria mtoto wake peke yake.

Neno la tatu, kigeni, ndilo lenye utata mkubwa kuliko yote, na hapo ndipo mabishano yetu ya WhatsApp yalipokwama. Kigeni kwa nani? Taasisi ya filamu ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilikuwa na tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ambayo mwaka 2019 ilibadilishwa jina ikawa ya filamu bora ya kimataifa. Mwaka huo huo Nigeria ilipeleka filamu ya Lionheart, iliyotengenezwa na Wanigeria na kuhusu Wanigeria, ikaondolewa kwenye shindano kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Kinyume chake, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na inayozungumza Kiswahili cha Zanzibar, ilikubaliwa kushindania tuzo hiyo ya kimataifa. Kipimo, kwa hiyo, ni lugha: kwa Mmarekani, filamu ni ya kigeni pale anapolazimika kusoma maandishi ili aielewe.

Sasa kipimo hicho kilete Mbagala. Mtoto wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali, anayefundishwa kwa Kiswahili na kusoma Kiingereza kama somo moja kati ya mengine, anapowekewa katuni ya Marekani inayozungumza Kiingereza, yuko mbele ya filamu ya kigeni sawasawa na anayewekewa filamu ya Kiirani. Hata The Lion King ya mwaka 1994, ambayo wengi wetu tunaihesabu kama ya nyumbani, iko hivyo hivyo. Majina yake yamechotwa kwetu, Simba na Rafiki, na Sarabi, neno letu la mazigazi; wimbo wake wa ufunguzi unaanza kwa Kizulu; lakini wahusika wote huzungumza Kiingereza. Humo fisi mmoja anaitwa Shenzi. Mtoto wa Marekani husikia jina la kuchekesha, na mtoto wa Buguruni husikia tusi ambalo akilitamka mbele ya bibi yake atachapwa.

Kwa hiyo ushindani kati ya katuni ya familia na filamu ya kigeni ni wa watu wenye lugha ya Hollywood nyumbani mwao. Sisi tukiupokea kama ulivyo, tunajikuta tunabishania mlango wakati swali liko ndani ya nyumba. Swali letu ni hili: kati ya filamu hizi zote zinazotufikia kutoka nje, ipi inamfikia mtoto kweli, na kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni sikio. Filamu ya lugha nyingine humfikia mtazamaji kwa njia tatu. Kuna kuingiza sauti, ambapo waigizaji wapya husoma maneno yote upya kwa lugha ya wasikilizaji, kama tunavyosikia katika tamthilia za Kituruki zinazorushwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni ghali, na toleo la katuni kubwa linalofika kwenye flashi zetu kwa kawaida ni la Kiingereza. Kuna maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya kioo, ambayo yanamtaka mtazamaji asome kwa haraka huku akitazama picha, na mtoto ambaye bado anafuata mstari wa kitabu kwa kidole hawezi kufanya hivyo hata kama maandishi ni ya Kiswahili. Na kuna mtafsiri wetu wa mtaani, anayeweka sauti yake juu ya filamu nzima na kuisimulia.

Huyu wa tatu anastahili maneno zaidi, kwa kuwa watoto wengi wa jiji hili wameijua sinema kupitia kwake, kwenye vibanda umiza au sebuleni kwa jirani. Watu kama Lufufu waliifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Anaeleza ambalo mhusika hajalisema, anampa jambazi wa Hong Kong tabia za mtu wa Manzese, anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mimi namwona kuwa mrithi wa msimulizi aliyesema "hadithi, hadithi" na akajibiwa "hadithi njoo". Lakini mzazi lazima ajue kwamba mtoto anaangalia filamu ya mtafsiri, ambayo inaweza kuwa na matusi na utani wa watu wazima ambao haumo kabisa katika filamu yenyewe. Filamu ile ile, mikononi mwa watafsiri wawili, huwa filamu mbili. Kabla ya kumwachia mtoto, msikilize mtafsiri kwa dakika kumi na tano.

Hapa inafaa kugusa imani moja iliyoenea sana Sinza na Mikocheni kama ilivyoenea Tandika, kwamba katuni ya Kiingereza inamfundisha mtoto Kiingereza bila gharama. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili na nusu hivi, watafiti wa malezi wameona mara nyingi kwamba anajifunza kidogo sana kutoka kwenye kioo kuliko kutoka kwa mtu aliye mbele yake, kwa sababu kioo hakimjibu anapojaribu kusema. Mtoto mkubwa zaidi huokota maneno, hilo ni kweli, hasa akiwa tayari anajifunza lugha hiyo kwa mtu. Lakini mtoto anayekaa saa tatu mbele ya maneno asiyoyaelewa anajizoeza kutoelewa na kuridhika: anafuata rangi, makelele na mtu anayeanguka, hadithi inampita. Nimewauliza watoto wa jirani waliotazama katuni moja mara nyingi wanisimulie kisa chake, nikapata orodha ya watu walioanguka.

Njia ya pili ni mwendo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walichukua watoto 60 wenye umri wa miaka minne, wakawagawa katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama katuni ya kasi kwa dakika tisa, jingine likatazama katuni ya elimu yenye mwendo wa taratibu, na la tatu likachora picha. Mara tu baada ya hapo wakapewa kazi ndogo za kupima uwezo wa kujizuia, kushika maelekezo na kusubiri. Waliotoka kwenye katuni ya kasi walifanya vibaya kuliko wenzao. Habari hiyo ilipoenea, watu wengi waliisoma kana kwamba imesema katuni zinaharibu ubongo, jambo ambalo haikulisema: ilipima hali ya mtoto dakika chache baadaye, haikupima maisha yake. Zaidi ya hapo, uchunguzi uliofuata wa mmoja wa watafiti hao ulionyesha kwamba mzigo mkubwa haukuwa kasi peke yake, bali mambo yasiyowezekana yanayomwagika moja baada ya jingine. Kila mtu anapogeuka puto, nyumba inapopumua na kisu kinapoanza kuongea, akili ya mtoto wa miaka minne hulazimika kuanza upya kuelewa dunia inavyokwenda, kama abiria anayeshushwa njiani kila kituo na kuambiwa apande daladala nyingine. Akifika nyumbani amechoka, ingawa alikuwa amekaa.

Na kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekewe kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huo haukubagua kati ya katuni na filamu ya watu halisi.

Njia ya tatu ni moyo, yaani yale ambayo filamu inamletea mtoto na namna inavyomwacha. Wazazi wanaotetea katuni za familia husema kwamba hizo hazina vifo wala huzuni. Hili si kweli, na limepimwa. Mwaka 2014 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliolinganisha katuni 45 zilizouza sana kuanzia Snow White hadi Frozen ya mwaka 2013, na filamu 90 za watu wazima zilizotoka miaka ile ile. Wahusika muhimu wa katuni walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi ya wahusika muhimu wa filamu za watu wazima, na theluthi mbili hivi za katuni hizo zilikuwa na kifo cha mhusika muhimu kinachoonekana kwenye kioo. Mama yake Bambi alipigwa risasi mwaka 1942. Mufasa alikanyagwa mbele ya mwanawe mwaka 1994. Watoto wetu hupenda kusema "steringi hafi", na kwenye katuni ni kweli steringi mara nyingi hafi, lakini mama yake hafiki mbali.

Siyasemi haya ili kuzikataa katuni hizo. Ngano zetu zimejaa mazimwi yanayomeza watoto na mama wa kambo wanaowatupa kisimani, na hakuna aliyewahi kusema bibi alikosea kuzisimulia. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa anamtazama mjukuu wake usoni. Akiona macho yametoka, zimwi lilichelewa kidogo njiani, au lilijikwaa, au hadithi ilikatizwa mpaka kesho. Filamu haimwoni mtoto, kwa hiyo kazi hiyo ya bibi lazima ifanywe na mtu mwingine chumbani, na mtu huyo ni mzazi, shangazi, kaka mkubwa au yeyote aliyeshika rimoti.

Baada ya kuyaona hayo, ninaweza kusema ninachoamini: filamu za taratibu kutoka nchi zinazofanana na yetu zinamfaa mtoto wa Dar es Salaam kuliko wazazi wengi wanavyodhani, nasi tunazinyima nafasi kwa sababu tu hakuna tangazo lake barabarani wala picha yake kwenye begi la shule.

Chukua filamu ya Children of Heaven ya Majid Majidi, iliyotengenezwa Iran mwaka 1997. Kijana mdogo, Ali, anapeleka viatu vya mdogo wake Zahra kushonwa, na akiwa njiani kurudi anavipoteza sokoni. Baba hana fedha za kununua vingine, mama ni mgonjwa, na watoto hao wanaamua kuficha habari hiyo. Shule yao ina zamu mbili: wasichana huingia asubuhi, wavulana mchana. Basi Zahra anavaa raba za kaka yake asubuhi, zinampwaya, anatoka darasani mbio kwenda kukutana naye uchochoroni, wanabadilishana, na Ali anakimbia ili asichelewe. Ni hayo tu. Hakuna jini, hakuna adui, hakuna anayefukuzwa na mtu. Mtoto anayesoma shule ya zamu hapa Dar es Salaam, na wako wengi, haelezwi chochote ili aelewe kwa nini Zahra anakimbia. Anajua maana ya kutazama saa ya mwalimu. Anajua viatu vilivyoshonwa mara tatu. Anajua siri inayobebwa na watoto ili baba asizidiwe. Kiajemi hakielewi hata neno moja, lakini filamu ile iko karibu naye kuliko katuni ya kasri la barafu.

Iran haikupata filamu za namna hiyo kwa bahati. Mwaka 1965 ilianzishwa huko taasisi ya umma ya kukuza akili za watoto na vijana, inayojulikana kama Kanun, iliyojenga maktaba na kuchapisha vitabu, na baadaye ikaanza kutengeneza filamu. Abbas Kiarostami, ambaye dunia nzima ilikuja kumheshimu, alianzia kazi humo, na filamu yake ya mwaka 1987 kuhusu mtoto anayekwenda hadi kijiji cha pili kumtafuta mwenzake ili amrudishie daftari ilitoka katika taasisi hiyo. Waliotengeneza filamu hizo hawakuwa wakitafuta kuuza vinyago. Walikuwa wameajiriwa kumfikiria mtoto, na hilo linaonekana katika kila picha: kamera inakaa kwenye kimo cha mtoto, na jambo dogo kama daftari linapewa uzito ule ule ambao mtoto mwenyewe analipa.

Au chukua Kirikou, katuni ya mwaka 1998 ya Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi sehemu ya utoto wake nchini Guinea, yenye muziki wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kijiji kimekauka chemchemi, wanaume wametoweka, na wote wanamwogopa mchawi Karaba. Kirikou, mtoto mdogo sana ambaye tangu azaliwe anasema kama mtu mzima, anauliza swali ambalo wakubwa hawajauliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Jibu ni mwiba uliochomekwa mgongoni mwake, unaomtesa usiku na mchana. Nimetazama hadithi nyingi ambamo mwovu anaporomoka kwenye korongo na watoto wanapiga makofi. Hapa mtoto anakwenda kumng'oa mwovu mwiba. Mzazi ajue pia kwamba wanawake wa kijiji hicho wamechorwa vifua wazi kama ilivyokuwa desturi ya zamani, jambo lililoleta ubishi katika nchi kadhaa. Kwangu ni nafasi ya kuzungumza na mtoto. Kwa mwenzangu inaweza kuwa sababu ya kuiacha, na uamuzi huo ni wake.

Lakini upande huu nao una imani yake potofu, na ina madhara zaidi kuliko ile ya katuni. Watu wengi wakiona mtoto kwenye jalada la filamu ya kigeni hudhani ni filamu ya mtoto. Filamu kuhusu mtoto na filamu kwa ajili ya mtoto ni vitu viwili. Nyingi zinazosifiwa kwenye matamasha humweka mtoto katikati ya vita, ukahaba au njaa ili kumwamsha mtu mzima aliyelala, na mtoto akiziona peke yake anabebeshwa mzigo ambao haukuwa wake. Tamthilia za Kikorea na za Kihindi zinazopendwa majumbani mwetu nazo zimeandikiwa watu wazima wenye masuala ya ndoa, mirathi na visasi, hata pale zinapoonyeshwa saa kumi na moja jioni watoto wakiwa wamekaa mkekani.

Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ina kazi ya kuzikagua filamu na kuzipanga kwa umri wa watazamaji. Hata hivyo filamu iliyorushwa kwenye flashi dukani haina jalada, haina daraja, na mara nyingine haina hata jina lake halisi. Mzazi anabaki kuwa mkaguzi wa mwisho, akubali au asikubali.

Nyumbani kwangu mambo yako hivi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano simwekei filamu ndefu ya upande wowote. Anatosheka na vipindi vifupi vya Kiswahili, na katika hili jiji letu lina bahati, kwa kuwa Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, inatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, na Akili wa kipindi cha Akili and Me, yule msichana wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro, anaongea kama watoto wetu wanavyoongea. Kuanzia miaka sita naanza na filamu zenye maneno machache. The Red Balloon ya Mfaransa Albert Lamorisse, ya mwaka 1956, ina dakika 34 na karibu haina mazungumzo: mtoto na puto lake jekundu katika mitaa ya Paris. Betri ya kompyuta inaimudu hata umeme ukikatika. Katuni kubwa za Marekani zina nafasi yake siku ambayo watoto wa ndugu wamejaa sebuleni, kwa sababu nyimbo zake huwaunganisha na furaha yake ni ya kweli. Kuanzia miaka minane au tisa ndipo naleta filamu kama ile ya viatu, nami nafanya kazi ya mtafsiri: nasoma maandishi ya Kiingereza, nawasimulia kwa Kiswahili, nasimamisha picha wakiuliza. Dakika tisini huchukua saa mbili na nusu, na mara nyingine jioni mbili.

Likizo iliyopita niliitazama ile ya viatu na watoto sita, wangu na wa majirani. Karibu na mwisho wa filamu hiyo kuna mbio za shule, na zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Ali anakimbia kwa shabaha moja tu, awe wa tatu, ampelekee mdogo wake. Katika msukumano wa hatua za mwisho anajikuta amekuwa wa kwanza. Watoto wote sita walisimama wakashangilia kama wako uwanja wa Taifa. Walimu kwenye filamu walikuwa wakimbeba juu, kamera zinampiga picha, naye akilia. Sebule ikanyamaza. Mvulana wa jirani, mwenye miaka tisa, akasema polepole, "Lakini alitakiwa awe wa tatu." Wa miaka saba aliyekuwa amekaa miguuni kwangu akageuka akaniuliza, "Sasa kesho asubuhi Zahra atavaa nini?"